Haragwe Lililonyimwa Maji

Jumapili, tarehe 9 Novemba

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote bila kuficha hata kidogo.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano. Mwalimu wetu wa sayansi hapendi tukae tu tukinakili ubaoni. Muhula wa kwanza tulipima uwanja kwa kamba na kutengeneza saa kwa maboksi, muhula wa pili tuliweka nje chupa ya kupimia mvua na kila asubuhi wenye zamu walikwenda kuisoma, na muhula huu tulipanda maharagwe kwenye makopo matatu, na yalipoota tukayatenga, moja likawa linapata jua na maji tukaliita Bosi, la pili tukalifungia kabatini gizani pamoja na maji yake tukaliita Mfungwa, na la tatu tukaliweka dirishani penye jua lakini lisipewe maji hata tone, na hilo ndilo tuliloliita Yatima.

Mfungwa alirefuka akapauka kama uzi, jambo ambalo mwalimu alitutabiria. Lakini Yatima alistawi, Mshauri, akatoa majani mapana kuliko hata Bosi! Darasa zima lilishangaa. Mvulana tunayemwita Profesa akasimama akasema haragwe linafyonza unyevu wa ukutani, tukampigia makofi. Mwalimu alikuna kichwa, akasema, "Sijawahi kuona haragwe la namna hii. Lakini sisi tunaandika tulichoona, si tulichotaka kuona. Siku ya kufunga shule litakaa mezani, wazazi nao walitazame." Akanichagua mimi nisome matokeo kwa sababu nasoma kwa sauti na siogopi watu.

Nilifurahi sana. Juzi wakati wa mapumziko nikarudi darasani kuchukua sweta, nikamkuta rafiki yangu Chiriku, tunayekaa naye dawati moja, ameinama dirishani anamimina maji ya chupa yake kwenye kopo la Yatima huku akinong'ona, "Kunywa upesi, mwanangu, hawajarudi."

Nikamwambia, "Chiriku! Unaharibu jaribio!"

Akageuka macho yamemjaa machozi, akasema, "Nyinyi mnaweza kukaa mkimtazama mtu akifa kwa kiu? Na jina lenyewe mmempa hilo!"

Nikamwambia hilo ni haragwe, si mtu. Akasema, "Ukinisema kwa mwalimu, tafuta dawati lingine." Mshauri, Chiriku analelewa na mama yake mdogo tangu alipokuwa mdogo kabisa, na sisi tulipolipa kopo lile jina hilo tulicheka, wala hakuna aliyemtazama yeye.

Shule inafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Kwenye karatasi yangu kuna sentensi isemayo, "Kopo la tatu hatukulimwagilia maji." Nimejaribu kuisoma mbele ya kioo, sauti inakatika hapohapo. Naamini mambo haya yanaweza kumalizika vizuri, ila sijui nianzie wapi. Naomba unijibu mapema: je, nawezaje kusema kweli mezani pale bila kumpoteza rafiki yangu?

Wako,
Msomaji wa Matokeo


JIBU

Mwanangu,

Sauti yako inakatika kwa sababu ina akili. Isikilize. Sentensi hiyo usiisome.

Sasa nikukoromee kidogo. Wewe na wenzako mmepima uwanja, mmepima mvua, mmepima mpaka giza la kabatini, mkashindwa kumwona mtoto aliyekaa kwenye dawati lenu hilohilo. Jina lile lilimchoma, nanyi mkacheka. Kabla hujamfundisha Chiriku sayansi, mwombe radhi, tena leo, si kesho.

Naye Chiriku asome hapa: huruma yako sijaikataa, binti, lakini umewaacha wenzako wapige makofi kwa jambo lisilo la kweli, na rafiki yako umemtisha kwa dawati. Hapo umekosea.

Jaribio halijaharibika hata chembe. Mlitaka kujua kama haragwe linahitaji maji. Lililopewa kwa siri limestawi. Jibu si hilo? Profesa pekee ndiye atakayeumia, na atapona.

Kwa hiyo nendeni wawili kwa mwalimu, kesho kabla ya kengele. Chiriku aseme mwenyewe. Wewe simama ubavuni kwake na usimsaidie maneno. Mwombeni kopo jipya lenye haragwe lililokwisha kuota, linyimwe maji, na safari hii likae mezani kwa mwalimu. Muda uliobaki unatosha kabisa kuona majani yakilegea. Yakilegea, mmeshaona, mpeni maji, hakuna haja ya kungoja life.

Ijumaa wewe soma matokeo ya Bosi na Mfungwa. La tatu aeleze aliyelimwagilia. Wazazi watacheka, kisha watamsikiliza kuliko wote.

Na jina lile lifuteni. Jipya achague Chiriku.