Mpaka Jenereta Iwake

4 Februari

Mpwa wangu,

Salaam. Mimi mzima, kifua mbele. Hospitali hii imesimama kwa mgongo wangu; daktari mkuu akipata usingizi, ajue ni kwa sababu yangu. Umeme ukikatika nashuka ngazi kama mshale, nawasha jenereta kabla mgonjwa hajapepesa jicho. Mama yako, wodi ya juu, ananicheka: mshale gani unaohema hivyo?

Ila jana mashine yake ya kupumulia ilizimika nikiwa bado ngazini. Niliporudi, dada yangu alikuwa amekodoa macho. Huko maabara kwenu hakuna dawa ya mwanya huo, kabla jenereta haijawaka?

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba, shikamoo,

Natumaini magoti hayasumbui. Pokea sanduku hili. Fundi aliunganishe na mashine ya mama. Ndani mna mkaa wenye vitundu visivyoonekana, umeloweshwa maji ya chumvi. Umeme hujipanga kwenye kuta za vitundu, basi, haupikwi kama kwenye betri. Ndiyo maana hujaa upesi na kutoka upesi. Lakini hubeba kidogo: kiasi cha wewe kufika chini, ukikazana.

Mwambie mama nakuja Aprili.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeme umekatika tena na mashine haikukohoa hata kidogo. Nikipanda namsimulia mama yako nilivyoruka ngazi, na kila nikisimulia ngazi zinaongezeka. Anacheka kwa mabega tu, pumzi hana.

Aprili ni mbali. Njoo sasa.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba, shikamoo,

Nimerudi salama kutoka mazishini. Mbele ya watu sikuweza kuuliza. Sanduku langu lilishindwa? Niambie bila chumvi.

Mpwa wako

29 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Halikushindwa. Umeme ulikuwepo, taa zinawaka, mashine inavuma. Ni mama yako mwenyewe aliyechoka. Nilikuwa nimemshika mkono.

Juzi umeme ulikatika. Sanduku likashika, nikashuka, nikawasha, nikapanda mbio nikamsimulie. Nikakuta kitanda kitupu, godoro limekunjwa. Nilikuwa nimesahau, mwanangu.

Hili libaki kwetu wawili: niliketi pale nikasimulia hivyo hivyo, mpaka ngazi ya mwisho. Nesi akauliza naongea na nani. Nikamwambia nakagua soketi.

Mjomba wako