Maji ya Ukumbini

Jumapili, 2 Februari 2025

Hukumu imetoka leo baada ya chakula cha mchana. Bi Barka, mama mkwe wangu, hakuniambia mimi. Alimwambia mke wangu Shifaa, nami nipo pale pale natafuna. Arusi ya Sundus, mdogo wake Shifaa, ni Ijumaa ya tarehe 21. Kesho yake wanawake waja kumtazama bibi arusi ukumbini. Na ukumbini ndiko liliko tangi langu la matumbawe. Basi: maji yakiwa machafu, au yakinuka, tangi litoke kabla ya wageni. Asema sasa hivi ukumbi wanuka soko.

Litoke liende wapi? Darini ni jua tupu, matumbawe yatapikika. Ngazi ya nyumba hii yapitisha mtu mmoja na roho yake. Lita mia nne! Kulitoa ni kuliua.

Nyumba ni yao. Ndiyo ada ya mji huu — mke ana nyumba, mume ana begi. Nilitoka Kiwayu na begi, sanduku la spana, na hili tangi, nililopewa na loji niliyokuwa nikiitengenezea friji, wenyewe walipofunga. Vitu vitatu. Cha tatu sikitoi.

Siku ishirini zipo. Pampu na mabomba ndiyo kazi yangu. Nitashindwa na maji?

Jumanne, 4 Februari 2025

Nimeujua ubaya uliko. Ni sponji.

Maji hushuka tangi la chini, yakachujwa, pampu ikayarudisha juu. Kule chini nilitia sponji nene, nikaisahau tangu Desemba. Sponji hushika mavi ya samaki na makombo ya chakula. Vizuri sana. Lakini isipooshwa, uchafu haujatoka, umehama chumba tu. Waoza mle mle na maji yapita juu yake kutwa kucha. Nilipoikamua ilitoa supu. Shifaa alikimbilia dirishani. Nimepima nitrati, sumu ya uchafu huo majini: themanini. Matumbawe mawili yamejifumba kabisa. Aibu, na mimi ndiye fundi.

Sponji nimeitupa. Nimeikata kanzu yangu kuukuu, nikashona soksi: mfuko mrefu, mdomo nimeufunga kwenye bomba, maji yote hayana ndia ila kupita ndani yake. Nimeshona tano. Ikichafuka moja, nyingine yaingia. Kila siku tatu. Nimemwambia Shifaa: sabuni mwiko. Zioshwe kwa maji matamu, zianikwe, basi.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Bi Barka leo ameniuliza mimi mwenyewe, si kupitia kwa mtu. Hilo fuko la nini?

Nikamwambia, Mama, hicho ni kifumbu. Tui lapita, machicha yasalia.

Akafikiri. Na machicha huyaata humo siku ngapi? Tatu, nikasema. Akanitazama kama nimekosa sala. Machicha ya siku tatu kwa joto hili la kaskazi, asema, hata kuku hayali. Kifumbu huoshwa siku ile ile.

Nilibisha kwa adabu. Nina vipimo, yeye ana nazi.

Jumatano, 12 Februari 2025

Tangu Jumamosi nabadilisha soksi kila siku. Nitrati ishirini na tano! Nusu ni soksi, nusu ni maji mapya niliyoyateka mkondoni, mbali na gati, jerikeni kwa jerikeni. Lakini soksi ya siku moja haina harufu hata kidogo, na ya siku tatu ilikuwa inanuka. Kwa hivyo yule mama alikuwa na haki. Nimemwambia. Imeniuma kidogo, imepita.

Sasa hunywa kahawa yake ya alasiri mbele ya tangi. Samaki mmoja mnene hufukuza wenzake kwenye chakula. Bi Barka amempa jina la jirani mmoja. Silitaji hapa, daftari huokotwa.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Nitrati kumi. Matumbawe yote yamefunguka, hata lile la zambarau nililokuwa nimeshalisomea fatiha. Maji huyaoni, waona samaki wanaelea hewani. Ukitaka kazi, mpe fundi.

Bi Barka ameamua kiti cha Sundus kiwekwe mbele ya tangi kabisa, taa zimulike kwa nyuma. Ameshawatangazia wenzake mtaa mzima. Sasa tangi likiharibika, aibu ni yake kwanza kabla ya kuwa yangu. Sina wasiwasi.

Kesho naenda Mokowe, friji kubwa la duka la samaki limekufa. Narudi Alhamisi. Shifaa atabadilisha soksi, safi zipo za kutosha. Za kufua, Bi Barka amesema mwachie yeye, amefua kofia za wanaume wa nyumba hii miaka arubaini. Nikamwambia, Mama, ziwe safi kama kofia ya Ijumaa. Alifurahi sana.

Alhamisi, 20 Februari 2025

Nimerudi. Friji lafanya kazi. Maji kioo. Nyumba imejaa mashangazi, sina pa kuweka mguu.

Ijumaa, 21 Februari 2025

Sundus ameolewa, alhamdulillahi. Nitrati nane. Nimelala na tabasamu kama bwana arusi ni mimi.

Jumamosi, 22 Februari 2025

Saa nne asubuhi nilitia soksi safi, ya kwanza katika zile alizofua Bi Barka. Ilikuwa ngumu, yasimama peke yake. Nikadhani ni jua. Harufu sikuisikia — leo nyumba nzima ni udi, pua haina kazi. Kisha nikatoka. Leo ni siku ya wanawake, mwanamume hana lake mle ndani hadi magharibi.

Saa nane Shifaa amenipigia. Amenong'ona. Maji yamekuwa tui. Mashine ya povu, ile inayotoa uchafu majini kwa mapovu, yafurika sakafuni. Samaki wote wako juu, wanatweta.

Nikamuuliza soksi zilifuliwaje. Akaenda kuuliza, akarudi. Zilifuliwa kwa sabuni. Zikatiwa wanga. Zikaanikwa, zikapigwa pasi, kisha zikafukizwa udi kwenye chetezo ili samaki wasinuke mbele ya wageni. Kama kofia ya Ijumaa.

Maneno yangu mwenyewe. Mwiko wa sabuni nilimwambia Shifaa, mama yake sikumwambia. Nilijiona nimeshamaliza. Nimepandwa na hasira na wa kumkasirikia ni mimi.

Nikamwambia Shifaa aitoe soksi upesi, afungue pampu ya hewa. Nikakimbilia majini. Nimerudi na jerikeni sita kwa mkokoteni, zipo hapa dakani, chini penye mlango wa nje, nami nimekaa kati yake. Juu kuna wanawake arubaini wamejipamba, vichwa wazi, na Sundus kitini mbele ya tangi. Maji yakibadilishwa sasa hivi samaki watapona, labda. Yakingoja magharibi, hakuna wa kupona. Najua hesabu hiyo vizuri.

Nimempigia Shifaa tena. Nikasema, funikeni tangi kwa leso nzuri, zimeni taa, mwambie mama asiseme kitu kwa mtu. Asiaibike siku ya arusi ya mwanawe. Samaki tutaona baadaye.

Naandika ili nisipande.

Juu ngoma imekatika. Vigelegele navyo. Nasikia sauti ya Bi Barka, na yule mama hana haja ya kipaza sauti. Asema jifinikeni nyote, mwanangu apita na mai. Mmoja amelalamika — mwanamume, leo, na bibi arusi yuko kitini? Bi Barka amemjibu kuwa fuko amelitia wanga yeye, kwa mikono yake, na bibi arusi atafinikwa kama wengine, hatakufa. Samaki ndio watakaokufa.

Kisha nguo zinachakarika kote juu, mabuibui yanatafutwa. Shifaa amechungulia ngazini: ngoja kidogo, bado wanne.

Nangoja.

Bi Barka ameshuka mwenyewe. Dhahabu hadi viwiko, hina mbichi kwenye vidole. Ameinama, ameinyanyua jerikeni ya kwanza kabla sijainuka, ashaipandisha nusu ya ngazi. Sasa amegeuka, aniuliza, haya, ya kwanza hutiwa wapi, tangi la juu au la tini?