Salamu Zako kutoka kwa Don Ernesto

Kwako Baba,

Kuna mtu amekutumia salamu, nami nimezibeba tangu asubuhi sijui pa kuzifikisha.

Ni mzee mmoja wa Kolombia, don Ernesto, aliyekuwa mgeni wetu hotelini hapa Lusail kwa miezi miwili. Mimi ndiye bawabu: nafungua mlango na kusalimia. Dada wa mapokezi, Mperu, alinifundisha salamu za Kihispania. Asubuhi ni buenos días. Mtu mzima ana "wewe" yake ya adabu, usted, na mzee wa heshima jina lake hutanguliwa na don. Nilishika upesi, maana nimelelewa na wewe. Kule Voi, kwenye karakana yako, uliwahi kumrudisha mteja barabarani na baiskeli yake kwa kuwa alitaja pancha kabla ya shikamoo. "Kwanza salamu," ulimwambia. "Upepo umeshaisha, gurudumu linakwenda wapi?"

Don Ernesto naye ni wa aina yako, hapiti mlangoni bila kuulizia watu wa nyumbani. Siku ya kwanza aliuliza, "¿Y su papá, cómo está?" Na baba yako, hajambo? Nikajibu, "Bien, gracias, don Ernesto." Hajambo, asante. Sikujua kama hujambo. Tulikuwa na mwaka mzima hatusemezani, tangu uliponikataza kuja Qatar nami nikakupita pale karakanani na begi langu, shikamoo nimeimeza. Uliinua kichwa ukangoja. Niliona kwamba unangoja, nikapita.

Wiki ya tatu dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani kuniambia umefariki. Ruhusa nilinyimwa, nikatazama maziko yako kwenye simu, picha ikikatakata. Kesho yake mzee akauliza tena. "Bien, gracias." Mperu hakuwa amenifundisha maneno ya msiba, na sitakudanganya, sikumwomba anifundishe. Nilipenda kuulizwa. Kila asubuhi pale mlangoni ulikuwa mzima, na mimi mwana mwema. Naona aibu, Baba.

Leo ameondoka. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Salúdeme a su papá." Nisalimie baba yako. Nikasema nitakusalimia. Gari lake lilipotokomea nilibaki nimeshikilia mlango wazi, baridi ya ndani ikitoka nje, mpaka msimamizi wetu, Mkenya mwenzetu, akaniuliza, "We, unangoja nani hapo?"

Basi, don Ernesto anakusalimu. Yake nimeifikisha. Yangu imechelewa, na najua hutaitikia.

Shikamoo, Baba.

Mimi,
mwanao