Uzi wa shanga haumtoshi mwanangu, kwa hiyo tunaenda mbugani

Jumatano, mchana. Joto la mwisho wa Septemba, na mawingu yamejipanga upande wa Burundi tangu asubuhi. Mama akiyaona anafurahi, anawaza maharage. Mimi nikiyaona nahesabu siku, maana mvua ikianza njia ya mbugani imekufa mpaka mwezi wa tano.

Nimeamua. Ijumaa naondoka na Jenipha.

Kwa ambao hawajui: baba yake Jenipha anaitwa Masanja, Msukuma, mfugaji. Mwaka jana alihama na ng'ombe wa kwao kwenda zile mbuga za mpakani, mbele ya Kibondo, kule mto Malagarasi unakotutenga na Burundi. Aliniacha hapa Makere kwa mama yangu, na mimba ya miezi sita. Kule simu haishiki. Mtoto alipozaliwa, mwezi wa pili, nilimtuma Mzee Kulwa, anayeleta samli ya kule kwenye gulio letu kwa baiskeli. Nilimwambia akifika aseme ni wa kike, na mzima.

Halafu nikasubiri. Miezi saba.

Sitadanganya, nililia sana. Mzee Kulwa mwenyewe alipotea gulioni, ikawa hakuna hata wa kumuuliza. Nyumbani wakaniambia nimeshatupwa, nikubali tu. Kaka yangu Elia ndiye aliyenichoma zaidi. Alisema, "Huyo mwanaume wako anwani yake ni kwato za ng'ombe. Mvua moja tu, imefutika."

Nilicheka naye siku ile. Nikaenda kulia jikoni, nikasingizia moshi.

Sasa Jumamosi iliyopita nimekaa gulioni na dagaa zangu, nikaona baiskeli ya Mzee Kulwa. Alinisalimia kwa aibu, akaniita mayu, yaani mama, hivyo ndivyo Wasukuma wanavyomheshimu mwanamke. Akachomoa kifuko cha nailoni kinanuka samli. Ndani yake uzi wa shanga, nyeupe na bluu, wa kumfunga mtoto kiunoni. Akanieleza kwamba mama yake Masanja alizitunga wiki ileile aliyosikia mtoto kazaliwa. Lakini mto ukafurika, wafugaji wakahamia juu zaidi, na Mzee Kulwa akawa anauzia samli upande wa Kibondo. Uzi ukabaki kwenye mfuko wake muda wote huo. Na ujumbe ni kwamba bibi anataka kumwona mjukuu kabla mvua haijafunga njia.

Wiki ileile. Yaani wakati mimi nalia jikoni, kuna mtu alikuwa ameshatunga.

Nikauliza, na Masanja je? Mzee akainama kukaza mpira uliofunga samli kwenye keria. Akasema, "Masanja yuko na ng'ombe."

Hili nyumbani sijalisema, naliandika hapa tu. Wote wanadhani aliyeniita ni Masanja. Hapana. Aliyeniita ni mama yake. Masanja sijui anawaza nini. Inawezekana nikifika atanitazama kama mteja wa maziwa.

Naenda hivyo hivyo.

Nilipomwambia mama alinijibu kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, na mama akiacha Kiswahili ujue kakasirika. Kwamba huu ni wakati wa kupanda, siyo wa kutembea. Kwamba mtu wa jembe hamfuati mtu wa fimbo. Sikubishana. Kipande changu cha shamba nilikuwa nimeshakimaliza kulima jana yake, na mtoto mgongoni. Nikamwonyesha viganja. Alivitazama, akaingia ndani.

Elia akaja na maswali ya kiume. Ni kilomita ngapi? Nikamjibu sijui kilomita, najua Jenipha atanyonya mara tano. Mara ya kwanza stendi ya Kibondo. Ya pili kabla ya kupanda bodaboda, ili alale njiani. Ya tatu kwenye duka la mwisho, lami imeshasahaulika. Ya nne na ya tano tukiwa kwa miguu kwenye nyasi, pamoja na Mzee Kulwa, ambaye atatusubiri pale dukani. Kaka mtu atabishana nini kuhusu kunyonyesha? Akaenda kuangalia mbuzi.

Ule mpango nimeuandika nyuma ya daftari langu la kidato cha pili, ndilo daftari la mwisho nililokuwa nalo shuleni. Nimefurahi limepata kazi.

Barua ya utambulisho nimeipata jana. Huku kwetu ukisogea mpakani na lafudhi hii ya Kiha, iliyo karibu na ya Kirundi, unaulizwa umetoka ng'ambo ipi, na mimi nina namba ya kitambulisho tu, kadi haijatoka. Mtendaji wa kijiji alikuwa na kalamu mkononi. Akauliza naenda kwa nani. Kwa mume? Nikasema hapana. Kwa ndugu? Nikasema andika naenda kwa bibi wa mtoto. Akasema hiyo si kawaida. Nikakaa kwenye benchi mpaka akaandika.

Sijui hata ule ujeuri niliutoa wapi. Mimi ambaye gulioni wananipunja chenji nanyamaza.

Labda niliupata kwa Mama Furaha. Yeye ni Mkongomani, anaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anauza maandazi jirani na dagaa zangu. Jumatatu nilimwambia naogopa. Naogopa kufukuzwa, naogopa watu wa kule. Mzee Kulwa anasema kwenye kisima kimoja unakuta Wasukuma, Watusi, Waha wa mizinga ya nyuki na Warundi wanaolima vibarua, kila mtu na ndoo yake na lugha yake. Mimi nitakuwa nani pale? Mama Furaha aliendelea kugeuza maandazi, akasema, "Miye niko naomba ruhusa ata ya kufika Kasulu. Weye njia iko wazi, unaogopa nini? Bakikufukuza, utarudia. Lakini mutoto atakuwa ameonekana."

Hilo ndilo ninalolitaka. Siendi kuomba ndoa. Siendi kuomba ng'ombe. Naenda ili mwanangu aonekane na watu wake, asije akakua akiambiwa hana upande wa pili. Masanja akinikataa, anikatae mimi, ana kwa ana, mtoto akiwa ameshapakatwa na bibi yake.

Leo nimefua kanga mbili na sweta la Jenipha. Amekaa kwenye mkeka sasa hivi, ana meno mawili ya chini, anauma kamba ya ndoo. Mama amepita hapa, ameacha kifurushi cha mihogo ya kuchemsha na karanga pembeni ya begi langu. Safari ni Ijumaa, mihogo itakuwa imechacha. Sijamwambia. Nitaila leo, na Ijumaa nadhani ataleta mingine.

Kabla sijaweka simu chini nimejaribu tena kumfunga mtoto zile shanga. Hazifiki. Bibi alizipima kwa kichanga, na huyu hapa ni msichana mnene wa miezi saba. Kati ya ncha moja na nyingine panabaki nafasi ya vidole vinne vyangu.

Gulioni shanga za rangi hizo zipo. Nilizishika Jumatatu, nikazirudisha.

Sitaongeza mimi. Hivyo vidole vinne nampelekea aliyeanza kutunga, amalizie mwenyewe, mtoto akiwa mapajani mwake.