Lijamu la Tufani

Mtoni, Barabara ya Kilwa,
Dar es Salaam.

Kwa baba yangu Mzee Salimu, Kondoa.

Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mimi mwanenu Iddi ni mzima wa mwili, sina homa wala jeraha. Natumai kifua chako kimetulia sasa baridi ya huko inapokaza, na kwamba mama bado anakugombeza ukitoka alfajiri bila blanketi. Na wewe Zuhura mdogo wangu, unayemsomea baba, soma polepole. Usiruke mistari kama ulivyoiruka ile ya mbuzi ukidhani sitajua. Leo nataka baba asikie yote.

Barua yangu iliyopita ilikuwa na mistari minne tu, na najua mama alinung'unika. Hii ni ndefu kwa sababu sina kazi ya kufanya. Banda ni tupu. Tufani amekufa.

Tufani ni yule farasi mwekundu niliyewaeleza, wa bwana wangu Fidahusein, mfanyabiashara wa mbata. Bwana huyu ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa Dar es Salaam, na Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Nimekuwa saisi wake, mtunza farasi, miaka saba. Farasi huyo nilimlisha, nilimwogesha, nilimtembeza hadi Kiwalani na kurudi kila asubuhi, na nadhani katika mji huu hakuna kiumbe aliyenifurahia kama yeye. Akisikia kikohozi changu nje ya banda, alianza kupiga mlango kwa kwato.

Sasa nisikilize, baba, kwa kuwa wewe umeishi na punda maisha yako yote na utanielewa kuliko hawa wa hapa. Wazungu wa kilabu kila mwaka hufanya mashindano ya kukimbiza farasi mashambani, wakiruka magogo, mitaro na kingo za vijito. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, bwana wangu aliruhusiwa kushiriki. Alifurahi mpaka akashonesha suruali mbili za kupandia, moja ya akiba.

Tufani alikuwa na nguvu mno. Akishaona gogo mbele yake, hakuna mkono wa kumzuia. Kwa hiyo jambo kubwa lilikuwa lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni kinachoshikwa na hatamu. Tulikuwa nayo mawili yakining'inia ukutani. La kwanza lilikuwa jembamba, lenye kiungo katikati. Hilo alilibana kwa meno akaenda alikotaka, na siku moja alimpeleka bwana katikati ya shamba la mihogo la watu. La pili lilikuwa nene na limenyooka. Hilo nililizungushia ngozi laini ya mbuzi, kama wewe unavyozungushia kamba za mizigo ili punda wasichubuke, na chini ya kidevu nikaweka ukanda mfupi. Kwa hilo alitulia. Alizuilika kabla ya gogo, na ukimwachia shingo alishusha kichwa, akatazama, akaruka vizuri. Farasi lazima atazame anaporuka, baba. Ukimnyima kichwa umemnyima macho.

Ikatokea siku moja kapteni mmoja wa kilabu akaliona lijamu langu la ngozi, akacheka, akauliza kama farasi amevalishwa kiatu kikuukuu. Wenzake nao wakacheka. Bwana wangu alicheka pamoja nao, lakini nilimwona masikio yalivyomwiva. Jioni ile akarudi na lijamu la tatu alilopewa na kapteni. Lilikuwa chuma kitupu, lina mikono mirefu pembeni na mnyororo unaobana kidevu kila hatamu inapovutwa.

Alilijaribu siku mbili, kwenye uwanja tambarare. Tufani alikuwa mpole kama kondoo. Bwana akafurahi sana. Lakini mimi ndiye niliyemvua, na povu lake lilikuwa na damu. Na alipofikishwa kwenye kijigogo kidogo kisicho na maana, alinyanyua kichwa juu kabisa akikimbia maumivu, akaruka bila kuona. Nikasema moyoni nitamweleza bwana. Siku ya kwanza alikuwa na haraka. Siku ya pili alikuwa na furaha.

Siku ya mashindano tulikuwa chini ya hema, watu wamejaa. Mkwewe bwana alikuwepo, mzee wa heshima mwenye kofia nyeusi, na kapteni naye alikuwepo. Bwana akaja kwangu ameshika lijamu langu la ngozi mkono mmoja, na lile la mnyororo mkono wa pili. Nadhani na yeye moyo ulikuwa umeingia wasiwasi.

"Iddi," akasema, "wewe ndiye unayeshinda naye. Mie sitaki kubahatisha leo. Waonaje, lipi?"

Miaka saba, baba, sijaulizwa naonaje. Hata juu ya nyasi sikuulizwa. Na siku hiyo naulizwa, jibu ninalo, liko kwenye ulimi. Nikamtazama mkwewe, nikamtazama kapteni, na nikakumbuka ulivyonilea: mtu mzima hapingwi mbele ya wageni wake. Nikaona nikisema ngozi, nimemwaibisha bwana wangu mbele ya wale wale waliomcheka. Nikainamisha uso.

"Mwenye farasi ni wewe, bwana," nikasema. "Upendalo ndilo."

Bwana akatabasamu. Kapteni akasema, "Boi mzuri huyu."

Nililitia lile la mnyororo kwa mikono yangu hii. Tufani alikataa kufungua mdomo. Nikaingiza kidole gumba pembeni, pale pasipo na meno, akafungua. Angekuwa mtu mwingine asingefungua. Alifungua kwa sababu ni mimi.

Nikakata njia kupitia mikorosho, nikaenda kusimama kwenye mtaro ulio karibu na kijito, maana ndio nilioogopa. Una ukingo upande wa pili, na farasi asipoupima vizuri ataugonga kwa kifua. Wakaja. Tufani alikuwa mbele ya wote, na kusema kweli alikuwa mzuri kumtazama. Bwana akavuta kidogo tu, kama mtu yeyote angevuta. Mnyororo ukabana, kichwa kikapanda juu, na mtaro ukawa chini ya pua yake asiuone. Aliruka kwa kubahatisha. Mguu wa mbele uligonga ukingo, nikausikia ukivunjika kutoka nilipokuwa.

Bwana alivunjika mfupa wa bega. Tufani alisimama kwa miguu mitatu, akatazama huku na huku, na aliponiona akajaribu kuja. Nikamshika kichwa. Mzungu mmoja akaja na bastola akaniambia nisogee, nikasogea. Nililia mbele za watu wote, na sikuona haya.

Siku ya tatu bwana alikuja bandani, mkono umefungwa kitambaa shingoni. Akakaa juu ya ndoo. Akaniuliza, "Iddi, niambie kweli. Ulijua?"

Nikasema, "Sikujua, bwana."

Afadhali angenipiga. Akanishika bega akasema si kosa langu, ni amri ya Mungu. Nilimsikia nje akimwambia mkwewe, "Hata Iddi hakuona kosa, na Iddi anawajua farasi." Hatafuga tena. Kuanzia mwezi ujao nitakuwa ghalani nikigeuza mbata. Sina hamu ya kazi hiyo wala nyingine yoyote.

Sasa baba, nimefika pale ninapopaogopa. Jana nilikuwa nikisafisha yale malijamu, sijui kwa ajili ya nani, na maneno yangu yakanirudia: mwenye farasi ni wewe, upendalo ndilo. Nikatoa barua yako ndani ya sanduku. Uliniandikia kwamba rafiki yako Athumani, mchuuzi wa ng'ombe, amemposa Zuhura, na ukaniuliza, wewe kaka mtu waonaje? Nami nikakujibu kwa mistari minne. Mwenye mwana ni wewe, baba. Upendalo ndilo.

Nilikudanganya. Nilikuwa na jibu. Mwaka ule nilipokuja likizo tulialikwa kwa Athumani, mimi na wewe. Wewe ulikwenda kutawadha. Mkewe Athumani alichelewesha maji ya kunawa, na Athumani akamshika mkono akaupinda nyuma ya mlango mpaka ukalia. Waliposema mke huyo ameanguka kisimani, akarudishwa kwao mkono umefungwa ubao, mimi nilijua hakuna kisima. Niliinamisha uso, nikaendelea kula pilau yake. Yeye ni rafiki yako, na mimi nilikuwa mgeni wake.

Umeniuliza naonaje. Naona hapana, baba. Nasema hapana, na kama ni utovu wa adabu unikanye nikija. Usimpe Zuhura.

Lakini ulisema harusi ni baada ya mavuno, na kwa hesabu yangu huko mtama umeshaingia ghalani. Barua huchukua wiki mbili, na gari la Kondoa likikwama, tatu. Sina namna ya kuifanya iende mbio. Na kila nikifumba macho nakumbuka kwamba ile ya mistari minne ni Zuhura aliyekusomea. Alisoma mwenyewe, kwa sauti yake, kwamba kaka yake hana la kusema.

Msalimie mama, mwambie nilipokea kitambaa alichonishonea. Msalimie shangazi, asiache kuniombea. Msalimie mwalimu wangu wa chuo na jirani yetu mfua vyuma. Athumani usimpe salamu zangu.

Nilianza barua hii kwa kumtania Zuhura, ni mazoea. Baba, kama sauti unayoisikia sasa hivi si yake, mwambie huyo anayesoma aikunje tu.

Ni mimi mwanao,
Iddi bin Salimu