Nusu ya Chaza wa Bukuru

Jumanne, 6 Mei
Sare za shule tangu asubuhi. Umeme umekatika, nimeshona kwa cherehani ya miguu. Mchana amepiga simu Daktari Mwanaidi wa Dar es Salaam, aliyekuwa mkuu wa kazi wa marehemu pacha wangu Bukuru kwenye utafiti wa baharini. Nilipoitika alishtuka. Kisha: "Samahani, kaka. Sauti ni yake kabisa."
Nimezoea. Inauma vilevile.
Anataka lile gamba la chaza.

Alhamisi, 8 Mei
Niandike ili nielewe. Bukuru alimtoa chaza mdogo kwenye matope ya Mafia. Hafanani na chaza yeyote anayejulikana. Daktari anasema huenda si aina mpya tu, ni jenasi mpya, kama kugundua ukoo mzima. Lakini chaza hutambuliwa kwa meno ya bawaba, pale magamba mawili yanaposhikana. Meno ya upande mmoja huingia kwenye mashimo ya upande wa pili. Yeye analo gamba la kulia tu. La kushoto ninalo mimi.
Kwetu Waha pacha hapewi kitu peke yake. Nguo, muhogo, hata fimbo. Bukuru alipokuja likizo aligawa chaza, nusu yake, nusu yangu. Ofisini walimcheka: "Wewe Muha, unagawa hadi ushahidi!" Alisema atalifuata likizo nyingine. Pikipiki ikamuua kabla.
Nimetuma picha. Hazitoshi. Gamba lenyewe lazima likae makumbusho. Halitarudi.

Jumapili, 11 Mei
Nimekwenda kijijini Munanila kwa mama. Nilipoingia uani aliangusha ungo. "Bukuru!" Kisha akajikaza, akanisalimu kwa Kiha: "Mwakeye, mwanangu." Tukaokota maharage pamoja bila kutazamana.
Kaburi la Bukuru limeota majani. Nimeyang'oa.
Mama hataki nilitoe gamba. "Ukimpelekea Bukuru fungu lako atadhani unamfuata. Atakuita."
"Mama, ni gamba tu."
"Kama ni gamba tu, mbona unatembea nalo mfukoni?"
Njiani kurudi Kasulu nililishika safari nzima.

Jumatatu, 12 Mei
Sitoi. Nimeamua.

Jumatano, 14 Mei
Nimenyoa ndevu. Tangu msiba najinyoa haraka, maana kwenye kioo ni yeye. Leo nimeona unywele mweupe kidevuni. Yeye hakuwahi kuwa nao. Nimesimama hapo mpaka povu likakauka. Yeye amebaki alipo, mimi nasonga. Nimeona aibu, kama niliyemwacha barabarani.
Naye chaza wake hana jina. Nusu iko kwenye sanduku la Daktari, nusu kwenye suruali yangu.

Alhamisi, 15 Mei
Nimelifunga kwa pamba, kisha kwa kipande cha kitambaa cha sare. Nimemkabidhi nesi jirani yetu anayesafiri kwenda Dar. Siku ile Bukuru aliliweka mkononi mwangu akasema, "Lako hili, usilie." Hivyo ndivyo alivyosema tangu utoto, kila tulipogawana. Basi lilipoondoka nililia mbele za watu.
Nimeogopa kutwa nzima. Hakuna aliyeniita.

Jumatano, 28 Mei
Daktari amepiga. Magamba yamefungana, hata uzi haupiti. Amehesabu meno, amelinganisha na chaza wote wa jamii ya karibu. Hakuna mwenye bawaba ya namna hiyo. Ni jenasi mpya, na jina lake litaundwa kutokana na la Bukuru.
Nimefurahi. Nimeumia. Vyote pamoja.
Kisha akasema kila chaza hubeba majina mawili, la jenasi na la spishi. Wenzake wamependekeza la pili liwe Butoyi, jina langu. Mapacha kwenye kibandiko kimoja, daima.
Nilitaka. Nilitaka sana.
"Hapana, Daktari," nimesema. "La pili mpeni la Mafia, alikomkuta. Mimi bado nipo."
Akasema sawa, kaka.
Mvua iliyonyesha tangu asubuhi imeacha. Nimekula viazi, nikarudi kwenye kola za sare za watoto.