Kunguru Walioujua Uso Wangu

Mdogo wangu mpendwa,

Zikufikie salamu za dada yako, wewe na wifi na watoto. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niusemeje, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kukupigia simu.

Nilikuambia nimehamia chumba cha ghorofani, karibu na kiwanda tunachoshonea sare. Siku ile ile niliyoingia, kabla sijafungua hata begi, kunguru walitua dirishani, wakajipanga, wakawa wananitazama. Hawakulia. Kesho yake walinifuata kazini, wakiruka paa hadi paa, na jioni wakanirudisha. Wenzangu walinitania kwamba nimeolewa na ndege. Baadaye utani uliisha, wakasogeza viti vyao mbali nami.

Kisha vikaanza vitu. Kila nikiamka nakuta kitu dirishani: kifungo, kipande cha kioo, hereni isiyo na mwenzake. Nikivitupa, wanaleta vingine. Niliogopa mpaka nikawa natoka nimejifunika uso kwa mtandio. Nikijifunika, wananipita kama hawanijui. Nikijifunua tu, hao wamerudi.

Jirani yangu ni mwalimu mstaafu tunayemwita Wajua, maana hakusalimii bila kukuuliza kama wajua kwamba pweza ana mioyo mitatu, au kwamba asali iliyofungwa vizuri hukaa miaka na miaka isiharibike. Nilipomsimulia haya, hakuchangamka kama kawaida yake. Alisema kunguru hukumbuka uso wa mtu kwa miaka. Aliyewadhuru humfokea, na aliyewalisha wakati mwingine humletea vitu. Akaniuliza nimewalisha tangu lini. Nikamjibu sijawahi kuwatupia hata chembe. Alinitazama sana, kisha akasema taratibu, "Basi kuna mtu mwingine mwenye uso huu."

Nilishuka kwa mama mwenye nyumba. Alishangaa kwamba nauliza. Alisema siku niliyokuja kutafuta chumba alidhani mimi ni binti wa mpangaji aliyetoka, jinsi tulivyofanana. Mama yule aliishi humo miaka mingi peke yake, kila asubuhi akiwamegea kunguru mkate, hadi ngazi zikamshinda, akahamia chumba cha chini mtaa wa nyuma.

Mdogo wangu, kaa chini kwanza. Mama hakufa kama tulivyoambiwa tukiwa wadogo; jina alilonitajia mama mwenye nyumba ni lake. Baba alitudanganya, au mama mwenyewe alimwomba atudanganye, bado sijui.

Jana nilikwenda. Alifungua mlango mwenyewe. Ana kidevu changu na masikio yako. Akauliza, "Wamekula?"

Nikadhani anatuulizia sisi. Nikalia pale pale mlangoni, nikamwambia tulikula, tukakua, na wewe sasa una watoto wako. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono umeshika kitasa. Halafu akasema alikuwa anauliza habari za kunguru.

Nilitaka kugeuka niondoke. Lakini hakufunga mlango. Alisogea pembeni, akaniachia nafasi ya kupita, na nilipopita nikasikia anatamka jina lako, polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani.

Jumapili nitarudi. Ukitaka twende wote, niambie, ukikataa, sitakulaumu. Wifi nisalimie sana, na watoto wabusu mmoja mmoja.

Ni mimi dada yako,
mwenye uso wa mama.